Uhalisi wa Ala, Usahaulifu wa Watu

Wapo wanamuziki wa Ufaransa wasioridhika kumpiga Debussy kwa ala za leo. Okestra ya Les Siècles, iliyoanzishwa mwaka 2003, hutumia basuni za Kifaransa za enzi ile, trombone zenye mirija myembamba na fidla zenye nyuzi za utumbo, ili La Mer isikike kama Paris ilivyoisikia Oktoba 1905. Nakiri kwamba matokeo yanavutia. Kila ala inatambulika, na ule ukungu tuliozoea kuuita uimpreshonisti (jina ambalo Debussy mwenyewe hakulipenda) unatoweka. Sina ugomvi na ufundi huo. Ugomvi wangu ni na neno "uhalisi".

Mwaka 1889 Paris iliandaa Maonyesho ya Dunia kuadhimisha miaka 100 ya Mapinduzi, yale yaliyotangaza uhuru na usawa. Humo kilijengwa kijiji cha Wajava, watu wakawekwa ndani yake watazamwe. Debussy alikwenda kusikiliza gamelani yao, na hakuisahau: mwaka 1913 aliandika kwamba ufumaji wa sauti katika muziki wa Java unaufanya ule wa Palestrina uonekane mchezo wa watoto. Wachambuzi wengi husikia mwangwi wa gamelani katika La Mer yenyewe. Na wapigaji hao walikuwa nani? Waliletwa kutoka shamba la chai la Parakan Salak, Java ya Magharibi, chini ya utawala wa Waholanzi. Kwa hakika huko ni kwa Wasunda, lakini Paris haikujali tofauti hiyo.

Basi nauliza: ni uhalisi gani huu unaojua kipenyo cha trombone lakini haujui jina la mpiga gongo?

Nitajibiwa kwamba hakuna gamelani katika nota za La Mer. Kweli, wala sitaki ichomekwe humo. Nitaambiwa pia, kama mwanafunzi wangu mmoja alivyoniambia, kwamba siasa zikae nje ya ukumbi. Lakini ni dola zilizowasafirisha na kuwatawala watu hao, si mimi niliyeziingiza siasa. Gharama nazo si kisingizio: Philharmonie de Paris ina gamelani yake na hufundisha watu kuipiga.

Anayetangaza tamasha la uhalisi awaalike wapigaji kutoka Java ya Magharibi, awape nusu ya kwanza ya usiku, majina yao yachapwe kwenye programu kwa herufi zilezile za Debussy, na walipwe sawa na mpiga basuni.