Redio ya Babu Isiuzwe kwa Kilo

Siku hizi huku kwetu Kibera, na hata kule Kawangware, redio kuukuu za transista zinauziwa watu wa skrepu. Eti zimepitwa na wakati! Mimi napinga.

Kwanza, tuzilinganishe. Redio nyingi mpya hushika FM tu, nayo FM haifiki mbali. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda angani, yakarudishwa chini na tabaka la juu, yakavuka bahari. Philips au National ya zamani yenye SW1 na SW2 utaisikiliza usiku kwenye mita 31 au 49, mchana mita 19. Ikiharibika, fundi huifungua kwa bisibisi akachomelea waya.

Pili, tukumbuke historia. Tarehe 1 Agosti 1982 waasi wa jeshi la anga waliiteka Sauti ya Kenya. Mwenye masafa mafupi aliweza kutafuta habari London, ambako BBC ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1957. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano, mtandao uliyumba. Je, simu bila mtandao itakuambia nini?

Mtasema vituo vya masafa mafupi vimepungua. Ni kweli, lakini jameni, havijaisha! Basi chama chetu kikusanye japo redio tano, kila moja na kadi yake: ilitengenezwa wapi, inashika mita gani, nani aliisikiliza.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.