Muuguzi aitwe kabla msingi haujachimbwa

JICHO LA WIKI
Na Mwanahamisi Kombo

Hospitali mpya ikizinduliwa, hotuba huanza na majengo: ni mangapi, yamegharimu kiasi gani, yameezekwa nini. Sina ugomvi na majengo. Mjamzito aliyekuwa akibebwa kwa baiskeli usiku kwenda kutafuta upasuaji mjini, leo sehemu nyingi anaupata kwenye kituo cha afya cha tarafa yake. Hilo ni jambo kubwa na walioliwezesha wanastahili shukrani. Ila kuna swali ambalo katika mradi baada ya mradi huulizwa rangi ikiwa imeshakauka: ni nani atakayefanya kazi humo ndani saa nane usiku, na je, jengo litamsaidia au litamkwamisha?

Majirani zetu wa Kenya wamelilipia swali hilo kwa fedha nyingi. Mwaka 2015 Serikali yao iliingia mikataba ya miaka saba ya kukodi vifaa tiba kwa ajili ya hospitali 98, mbili kwa kila kaunti pamoja na nne za kitaifa, kwa gharama iliyotajwa kuwa takriban Sh38 bilioni za Kenya. Nia ilikuwa njema. Mgonjwa wa figo wa Wajir asilazimike kuhamia Nairobi ili asafishwe damu. Kamati maalumu ya Seneti iliyochunguza mradi huo na kutoa ripoti mwaka 2020 ilikuta vifaa vimelala bila kazi katika baadhi ya hospitali, huku kaunti zikiendelea kukatwa fedha kila mwaka. Mahali pengine chumba kilikuwa hakijajengwa, kwingine umeme hautoshi, kwingine hakuna mtaalamu wa kusoma picha za mionzi.

Mashine ya kusafisha damu inatosha kutufundisha. Kwenye picha za uzinduzi huonekana kiti kizuri na kioo chenye namba. Kisichoonekana ni maji. Mgonjwa mmoja, kwa kikao kimoja cha saa nne, hupitishiwa takriban lita 120 za maji yaliyochujwa kwa kiwango ambacho maji ya bomba hayakikaribii. Viti vitano vikihudumia wagonjwa wawili kila kimoja kwa siku, hizo ni lita 1,200, bila kuhesabu maji yanayomwagwa na mtambo wa kuchuja ili kuyapata hayo safi. Klorini, hii hii inayotulinda tunapokunywa, ikimfikia mgonjwa kupitia mashine huvunja chembe nyekundu za damu yake. Kwa hiyo anayesema analeta viti vitano vya kusafishia damu anatakiwa kuonyesha kwanza kisima, tangi, mtambo wa kuchuja, mtu wa kuyapima maji kila asubuhi na mahali maji machafu yatakapokwenda. Halmashauri ambayo mgawo wake wa maji unatoka siku tatu kwa wiki haijawa tayari kwa viti hivyo, hata kama imepewa bure.

Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha hesabu ya vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye rasilimali chache. Karibu asilimia 40 vilikuwa havifanyi kazi. Sababu walizozitaja zinamhusu kila mganga mkuu wa wilaya: watumiaji hawakufundishwa, hakuna utaratibu wa kuvisimamia na kuvitengeneza, na umeme au maji hayalingani na mahitaji ya kifaa. Fundi wa vifaa tiba ndiye anayetatua sehemu kubwa ya matatizo hayo. Katika ikama zetu, huyo ndiye wa kwanza kusubirishwa.

Sasa tuingie wodi ya wazazi, maana ramani mbaya humuumiza mtu pasipokuwa na mashine yoyote. Nimepita katika wodi mpya zenye marumaru zinazong'aa, ambako meza ya wauguzi imewekwa nyuma ya ukuta, pembeni mwa mlango. Aliyelala kitanda cha mwisho haonekani mpaka muuguzi asimame, azunguke ukuta na kutembea wodi nzima. Zamu ya usiku ina wauguzi wawili, mmoja yuko chumba cha kujifungulia. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili, na huwa anafifia kimya kimya, hapigi kelele. Mwanzoni, uhai wake unategemea macho ya yule mmoja aliyebaki, na macho hayo mchoraji ameyawekea ukuta.

Utazame na mlango wa wodi hiyo. Una sentimita 90, kipimo cha mlango wa chumba cha kulala. Kitanda cha hospitali pamoja na reli zake huchukua karibu mita moja. Mgonjwa wa kukimbizwa upasuaji inabidi ainuliwe na ndugu, alazwe kwenye machela, kisha machela ikunjishwe kona mara mbili. Sinki la kunawia ni moja, liko kando ya choo, na hakuna chumba cha kumwagia uchafu wa wagonjwa. Hakuna hata moja kati ya haya lililohitaji fedha za ziada. Lilihitajika neno la muuguzi mkuu mbele ya ramani, siku moja tu.

Inawezekana kufanya vingine. Butaro, wilayani Burera, kaskazini mwa Rwanda, kuna hospitali iliyofunguliwa Januari 2011 na Wizara ya Afya ya nchi hiyo kwa kushirikiana na Partners In Health, shirika la afya lililoanzishwa na daktari Paul Farmer na wenzake. Wasanifu wake, Michael Murphy na Alan Ricks, walikuwa vijana waliotoka chuo cha Harvard. Walikuwa wanafahamu kilichotokea Tugela Ferry, Afrika Kusini, ambako kifua kikuu sugu kilikutwa kwa wagonjwa 53 na kuua 52, na hospitali yenyewe ikashukiwa kuwa mahali pa kuambukizana. Wakaondoa korido za ndani ambako wagonjwa hubanana wakikoholeana. Watu hupita na kusubiri barazani, kwenye upepo. Wodi zina dari ndefu, madirisha pande mbili na feni kubwa za mwendo wa polepole. Vitanda vimepangwa katikati ili kila mgonjwa atazame nje, kwenye milima. Kuta ni mawe ya volkano ya eneo hilo, yaliyochongwa na kupangwa na mafundi wa huko huko.

Hewa hiyo ina hesabu yake. Utafiti uliofanywa Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wodi za zamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa zilibadilisha hewa haraka kuliko za kisasa, na kuliko hata vyumba vilivyowekewa mitambo ya hewa. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ina baraza pana zinazopokea upepo wa bahari. Leo tunajenga masanduku ya vioo na alumini katika mji uleule wenye joto, kisha kiyoyozi kikiharibika madirisha hayafunguki. Nasema wazi kwamba huko ni kurudi nyuma. Chumba cha upasuaji na maabara vinahitaji hewa ya mtambo. Ukumbi wa kusubiria wagonjwa wa nje hauihitaji.

Kabla ya halmashauri yoyote kusaini ramani inayofuata, waitwe mezani muuguzi wa zamu ya usiku, fundi wa vifaa tiba, mfua mashuka na mhudumu wa kichomea taka, nao wapewe haki ya kuikataa. Bei ya kila mashine iandikwe pamoja na vipuri, mafunzo na matengenezo ya miaka mitano, ili diwani anayepitisha bajeti aione gharama yote kwa pamoja. Na nafasi ya fundi iombwe kibali siku ileile inayoombwa fedha ya mashine, maana ajira huchukua muda mrefu kuliko meli kufika bandarini.