Kitufe Kilichokataa Jina la Baba

Mtu akikuambia kwamba jina la baba yako si jina, utamjibu nini? Mwaka 2018 kijana wa dada yangu aliambiwa hivyo, na aliyemwambia hakuwa mtu. Ilikuwa kompyuta.

Tulikuwa Mwanza, katika duka moja la steshenari, tukijaza fomu ya kuomba kazi katika ofisi ambayo sitaitaja. Kijana akaandika jina lake, kisha la baba yake: Ng'washi. Papo hapo kisanduku kikawa chekundu, yakatokea maneno ya Kiingereza kwamba jina hilo si sahihi. Kitufe cha kutuma kikabaki kijivu, hakibonyezeki. Akanitazama. "Mjomba, mashine inasema jina la baba si jina."

Mwenye duka, ambaye bila shaka alikwisha kuona mengi, akasema bila kuinua macho, "Ondoa hako kamkia ka juu, itakubali." Tukakaondoa. Ng'washi akawa Ngwashi, na kitufe kikang'aa. Kijana akaitwa kwenye usaili, na huko akaulizwa kwa nini jina la kwenye fomu si lile la cheti cha kuzaliwa. Akarudishwa akatafute hati ya kiapo kwa wakili. Alipoipata, nafasi ilikwisha kwenda kwa mwingine.

Tangu siku ile nina ugomvi na wanaoziandikia fomu hizi programu, na leo nautoa hadharani.

Kwanza niwatendee haki. JavaScript, lugha inayotumika kwa kazi hii, ilibuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape, aliyeandika toleo la kwanza kwa siku 10. Zama zile watu wengi waliingia mtandaoni kwa laini za simu za mwendo wa kobe. Ukisahau kisanduku kimoja, fomu nzima ilisafiri hadi kwenye seva, ukangoja, ndipo ikarudi na lawama. Programu ndogo iliyokaa ndani ya ukurasa iliweza kukuonya kabla hujatuma. Huo ulikuwa utumishi mwema. Hata leo, ukichagua mkoa na orodha ya wilaya zake ikafunguka yenyewe, mara nyingi ni lugha hiyo iliyokuhudumia.

Lakini mtumishi amejifanya bwana. Kila unapobonyeza herufi, kivinjari hutoa taarifa kwamba kuna tukio. Programu huamka, hulinganisha ulichoandika na kanuni iliyowekwa, kisha huamua kitufe kifunguliwe au kifungwe. Kanuni yenyewe si sheria ya nchi wala ya lugha. Ni mstari mmoja ulioandikwa na mtu mmoja, pengine usiku akiwa amechoka, unaosema: herufi A hadi Z, basi. Sidai kwamba alikusudia kumtukana Msukuma. Hata O'Brien wa Ireland hukwama mlangoni hapo hapo. Ila mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na asiye na ritifaa katika jina lake hakumbuki kwamba wapo walio nayo.

Wala ritifaa si pambo. Mtoto wa shule ya msingi anajua kuwa kung'oa jino ni jambo moja, na kulia ngoa ni jambo jingine kabisa. Ukiifuta umefuta sauti, na ukifuta sauti katika jina la mtu umemwita mtu mwingine.

Najua watakachonijibu: usalama. Watasema kwamba katika hifadhidata ritifaa ni alama ya kufungua na kufunga maneno, na wezi huitumia kupenyeza amri zao. Ni kweli. Lakini programu ya ukurasani inakaa ndani ya kompyuta ya mwombaji mwenyewe. Mwizi anaweza kuizima, kuibadilisha, au kuipita kabisa na kutuma maneno yake moja kwa moja kwenye seva. Ulinzi wa kweli unafanyika huko kwenye seva, ambako maneno ya mwombaji hutenganishwa na amri, na hapo ritifaa haidhuru kitu. Sasa mlinzi huyu wa ukurasani amemzuia nani? Mwizi kapita dirishani. Aliyezuiwa mlangoni ni mwana wa Ng'washi.

Na hicho kitufe cha kijivu ni ufidhuli mtupu. Karani mkali wa zamani alikufokea, lakini angalau ulijua kosa lako. Kitufe kilichofungwa hunyamaza tu. Kipofu anayesomewa ukurasa kwa sauti na kuupitia kwa kibodi mara nyingi hurushwa kitufe hicho asijue hata kuwa kipo.

Basi nawataka waandishi wa programu mambo matatu. Kisanduku cha jina kipokee jina kama mwenyewe anavyoliandika. Kitufe kiwe wazi daima, na kama kuna kosa, lielezwe kwa maneno, kando ya kisanduku chake, kwa lugha ya anayejaza. Na kabla fomu haijatolewa kwa umma, ajazeni mtu mzima mmoja kutoka kijijini, nanyi mkae kando yake mkimtazama, midomo imefungwa.

Mtasema nakuza mambo kwa ajili ya kamkia. Kijana yule, ili asisumbuliwe tena, sasa anaandika Ngwashi kila mahali. Mwaka 2023 alipomchukulia mwanawe cheti cha kuzaliwa, jina la babu liliandikwa hivyo hivyo. Ukoo umebadilishwa jina bila kikao cha wazee, na aliyeubadilisha hajui mpaka leo kwamba amefanya hivyo.