Kilomita 500 za Kwenda Wapi?

Ameandika mwandishi mmoja, kwa yakini ya mtu aliyekwisha kuamua kabla ya kupima, kwamba gari la umeme lisiloweza kwenda kilomita 500 bila ya kuchajiwa ni mzaha kwa watu wa Itaba nchini Burundi. Kwenda wapi? Maadamu hata kutoka Gitega hadi Bujumbura ni takriban kilomita 100, mtu wa Itaba aendaye sokoni Gitega na kurejea kwake jioni hajafikia hata robo ya kilomita hizo 500.

Laiti angalitaja milima, tungalimsikiliza. Kwani kutoka Bujumbura hadi Bugarama, kwenye njia hiyo ya Gitega, gari hupanda zaidi ya mita 1,300, na kulinyanyua tu gari la tani moja na nusu hula zaidi ya kilowati-saa 5, ingawa sehemu ya hizo hurejea betrini wakati wa kuteremka.

Taabu ya kweli ameipita asiione: aghalabu nyumba za mashambani hazina umeme, na betri kubwa isiyo na pa kuchajiwa ni uzito mtupu. Basi na adai kwamba fungu la Burundi katika megawati 80 za kituo cha umeme wa maji cha Rusumo, zinazogawanywa pamoja na Rwanda na Tanzania, lifike Itaba; hapo kilomita 200 zitatosha, na akiba itabaki.