Gari inavuta kushoto? Tafuta mchezo kwanza, alaimenti baadaye

KWENYE kurasa za michezo, neno "mchezo" ni neno la heri. Kwenye miguu ya mbele ya gari la zamani ni neno la kuogopwa. Fundi akishika tairi, akalitikisa na kusema "hapa pana mchezo", maana yake kuna kitu kimelegea, na kilicholegea hapo ndicho kinachobeba roho za watu waliomo ndani.

Tatizo la Jang'ombe, na si Jang'ombe peke yake, ni kwamba wenye magari wengi hawataki kuusikia mchezo huo. Gari likianza kuvuta upande au kula tairi, mbio wanakwenda kununua tairi jipya. Likiendelea, wanakwenda kwenye mashine ya alaimenti. Haupiti muda tairi limelika tena, upande ule ule. Ni sawa na klabu inayofukuza kocha kila ikifungwa, kumbe beki wake wa kati anacheza na goti bovu tangu msimu uanze.

Gereji mazungumzo huwa ni yale yale.

"Ami, iache gari leo niifungue miguu niitazame."

"Kuiacha ya nini, mwanangu? Wewe niwekee alaimenti tu, jioni nakwenda Makunduchi."

Basi, yamekwisha. Hapo mwenye gari amekataa kulipia kitu kimoja tu, nacho ni kutazama. Pesa ya tairi anaitoa kwa sababu tairi analiona. Pesa ya karatasi ya kompyuta anaitoa kwa sababu karatasi ina namba. Lakini pesa ya fundi kulala chini ya gari saa nzima akitafuta ugonjwa anaiona kama wizi. Huo ndio mzizi wa balaa lote, na lawama si za fundi peke yake.

Wanaopenda mbio za magari wanalijua hili zamani. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, haikuwa mashindano ya kasi tu. Ilikuwa mashindano ya miguu ya gari. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza saba vile vile. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo akiwa na Chris Rothwell. Gari? Peugeot 404 hiyo hiyo, ile ambayo wazee wanaiita Pijo.

Kwa sura halikuwa gari la mbio. Lilikuwa gari la familia, la kwenda kazini na kupeleka watoto shule. Lakini lilikuwa na miguu iliyostahimili mashimo na matope, na lilikuwa na watu waliokagua miguu hiyo kila liliposimama.

Anayedhani hayo ni ya zama za babu atazame Safari ya 2021, mbio za dunia ziliporudi Kenya. Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Hatua ya kwanza tu ya siku hiyo mguu wa nyuma wa kulia ukavunjika, safari ikaishia hapo. Sébastien Ogier akachukua kombe. Gari jipya, timu ya kiwanda, mafundi kibao, na bado mguu ukaamua matokeo. Sembuse gari lenye umri wa miaka 50 linalopita mitaa ya Ng'ambo kila siku?

Sasa, kutafuta ugonjwa kuna mpangilio wake, na mpangilio huo hauhitaji mashine ya bei mbaya. Unaanza na vitu vya bure.

Kwanza upepo. Matairi mawili ya mbele yakitofautiana upepo, gari litavuta upande wenye upepo mdogo. Pili barabara yenyewe. Barabara nyingi zimeinamishwa pembeni ili maji ya mvua yatoke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari kuvuta kushoto kidogo si lazima liwe gonjwa. Tafuta sehemu iliyo tambarare ndipo uhukumu. Tatu, kama muundo wa matairi unaruhusu, hamisha la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto. Mvuto ukihamia upande wa pili, mkosaji ni tairi, wala usiguse kitu kingine. Nne, baada ya mwendo mfupi sogeza kiganja karibu na ringi. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwingine, breki haiachii. Hapo hata ukipima alaimenti mara kumi, gari litaendelea kuvuta.

Halafu lisome tairi, kwa sababu tairi halidanganyi. Likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika katikati, ulizidi. Likiwa na mabonde mabonde, tazama shokapu na balansi. Ukilipapasa kwa kiganja kutoka nje kwenda ndani na kurudi, likakukwaruza upande mmoja kama meno ya msumeno, basi vidole vya gari vimepinda, yaani matairi ya mbele yanatazama ndani au nje kupita kiasi.

Baada ya hapo ndipo gari linapanda jeki, na linawekewa stendi. Kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni kucheza na mauti. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, angalia boljointi. Kisha shika kushoto na kulia, tikisa tena. Ukicheza hapo, zifuate tairodi hadi kwenye steringi. Chukua mtaimbo, bonyeza bushi za mkono wa chini uone kama mpira umechanika au umelainishwa na oili inayovuja. Mwisho, gari likiwa chini, weka mkono kwenye springi huku mtu akizungusha usukani. Springi ikikwama kisha ikaruka, mpira wa juu ya shokapu umekwisha.

Kisiwani kuna adui mwingine: chumvi. Upepo wa bahari unakula bodi kimya kimya, na unapenda zaidi pale miguu inapofungwa kwenye bodi. Bushi mpya kwenye chuma kilichooza ni kumvisha jezi mpya mchezaji aliyevunjika mguu. Kwangua, gonga kwa nyundo, hakikisha, kisha ndipo ununue spea.

Hapa pia kuna kosa ambalo mafundi wengi wazuri wanalifanya. Bushi za mpira zinafungwa gari likiwa juu, miguu ikining'inia, na nati zinakazwa kabisa hapo hapo. Gari likishushwa, mpira unabaki umejikunja muda wote, na mapema tu unachanika. Mteja anarudi akilalamika kwamba spea ni feki. Wakati mwingine spea haina kosa lolote. Nati zinazobana bushi hizo zikazwe mwisho gari likiwa limesimama juu ya matairi yake, na uzito wake wote.

Ndipo sasa, ndugu zangu, ije alaimenti.

Kwenye alaimenti kuna mambo matatu. Kuna vidole, yaani matairi yanatazama wapi. Kuna matege, yaani tairi limelala ndani au nje. Na kuna mwinamo wa mguu kwenda nyuma, ule unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Kwenye Peugeot 404 na 504, kinachorekebishwa kwa spana ni vidole tu. Matege na mwinamo vilipangwa na kiwanda. Kwa hiyo karatasi ikionyesha matege upande mmoja, mashine haikupi kazi ya kurekebisha. Inakwambia kuna springi iliyokaa, bushi iliyokufa au mkono uliopinda, urudi chini ya gari ukautafute.

Ndiyo maana kupima kabla ya kuondoa mchezo ni kupoteza pesa. Ukipima sasa hivi tairi linatazama huku, ukipita shimo moja linatazama kule. Namba ilikuwa sahihi kwa dakika ile tu lilipokuwa juu ya mashine.

Na mashine nayo isiabudiwe. Gari la zamani likikosekana kwenye orodha ya kompyuta, kuna vijana wanachagua gari "linalofanana". Hakuna kufanana hapo. Vipimo vinatafutwa kwenye kitabu cha gari lenyewe. Fundi mtulivu mwenye uzi, rula na sakafu iliyonyooka anaweza kuweka vidole vizuri kuliko kompyuta iliyopewa jina la gari jingine.

Jang'ombe ni mtaa wa soka. Mwaka 2017 ulipeleka timu mbili kwa mpigo kwenye Kombe la Mapinduzi, Taifa ya Jang'ombe na Jang'ombe Boys. Barazani watu wanaweza kubishana mpaka usiku juu ya goti la mshambuliaji mmoja, na hakuna hata mmoja atakayesema dawa ya goti ni viatu vipya. Wote watasema apelekwe kwa daktari kwanza. Akili hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa gereji.

Wenye magari wakubali kwamba kutazama ni kazi na kazi inalipwa, hata kama mwisho wake fundi atasema gari ni zima. Mafundi nao waache kusema "bushi zimekufa" huku mwenye gari amekaa mbali na simu yake. Mwite, mshikishe tairi, atikise mwenyewe asikie mchezo kwa mikono yake. Akishausikia, hatauliza tena kwa nini gari ilale. Siku ya mechi kubwa Amaan, Pijo la mzee linajazwa vijana wa mtaa kuanzia kiti cha mbele hadi cha nyuma, na boljointi iliyochoka haichagui siku ya kuchomoka.