Pikapu mpya au lori kuukuu? Hesabu ya ndizi kutoka Mitunguu hadi Kongowea

Ukinunua chane ya ndizi Kongowea leo, ndani ya bei yake mna mambo matatu usiyoyaona kwa macho: dizeli, deni la gari, na breki zilizotengenezwa au zilizopuuzwa njiani. Ndizi nyingi zinazotufikia hupakiwa bara, na Mitunguu, kule Imenti Kusini katika kaunti ya Meru, ni mojawapo ya vituo vyake vikubwa. Ni upande wa chini wenye joto, na wakulima wake hunyweshea mashamba kwa mradi wa maji uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani. Kwa hivyo ndizi hukatwa hata wakati wa kiangazi, na sisi huku hatukosi za kupika wala za futari.

Swali ninaloulizwa sana na wachuuzi wa hapa, na ambalo nimelikuta pia likijadiliwa sokoni Mitunguu, ni hili: mtu mwenye akiba ya wastani na benki iliyo tayari kumkopesha, anunue pikapu mpya ndogo, au lori kuukuu la dizeli lenye nguvu? Wengi hulijibu kwa kuangalia bei ya gari tu. Mimi naona bei ya gari ndiyo sehemu ndogo ya hesabu yenyewe.

Tuanze na mafuta. Kutoka Mitunguu hadi Mombasa ni karibu kilomita 700, kwenda na kurudi 1,400. Pikapu ya kisasa ya dizeli hubeba takriban tani 1. Tuseme inakwenda kilomita 10 kwa lita. Safari nzima itakula lita 140. Lori la kiwango cha Isuzu FRR hubeba karibu tani 6. Tuseme linakwenda kilomita 5 kwa lita. Litakula lita 280. Sasa tuweke dizeli kwa Sh170 kwa lita, kwa ajili ya hesabu tu. Pikapu itatumia Sh23,800 kuleta tani moja, yaani karibu Sh24 kwa kila kilo ya ndizi. Lori litatumia Sh47,600 kuleta tani sita, yaani karibu Sh8 kwa kilo. Tofauti ya Sh16 kwa kilo si ndogo katika biashara ambayo watu hugombania shilingi mbili.

Hapo wengi husema basi, kesi imekwisha, tununue lori. Subirini kwanza. Lori hilo hilo likija na tani 2 tu, kila kilo itabeba Sh24 za mafuta, sawasawa na pikapu iliyojaa. Sisi watu wa Pwani tunalijua hili tangu enzi za majahazi: chombo kikubwa hutaka shehena. Jahazi likitoka na nusu ya mzigo, nahodha halipunguzii tanga wala mabaharia hawapunguzi posho. Kwa hivyo kabla ya kuuliza bei ya lori, jiulize una uhakika wa mzigo wa tani ngapi kila wiki, na nani atakupa wa kurudia.

Mzigo wa kurudia ndio faida yenyewe. Lori linaloteremka na ndizi na kupanda tupu linafanya kazi nusu na kula mafuta mazima. Huku tuna chumvi ya Gongoni, tuna nazi, tuna bidhaa za bandarini zinazohitajika Meru na Embu. Mchuuzi aliyekwisha kupatana na mwenye ghala wa huku, lori linamfaa. Asiye na mapatano hayo atakuwa anasafirisha upepo.

Sasa tuje kwenye deni. Pikapu mpya hununuliwa kwa mkopo na wengi wetu. Chukua mfano wa mkopo wa Sh3 milioni kwa miaka minne, riba asilimia 16 kwa mwaka kwa deni linalopungua. Malipo ni karibu Sh85,000 kila mwezi, na mwisho utakuwa umelipa takriban Sh4.08 milioni. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, kila siku unadaiwa kama Sh3,270 kabla hujatia mafuta wala kumlipa dereva. Kama pikapu yako inakusanya ndizi mashambani na kuzifikisha sokoni Mitunguu au Nkubu mara tatu nne kwa siku, inaweza kujilipa. Kama ni ya kuja nayo Mombasa mara moja kwa wiki na siku nyingine imeegeshwa nyumbani ionekane, benki itaichukua.

Riba nayo haitulii. Benki Kuu ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 13 Februari 2024, kisha ikaanza kukishusha Agosti mwaka huo huo. Waliokopa wakati wa kilele wanajua maumivu yake, na wanajua pia kwamba benki huwa na haraka ya kupandisha na uvivu wa kushusha. Soma mkataba wako. Uliza kama riba inabadilika, na ikibadilika utaambiwa lini.

Na mafuta ni vivyo hivyo. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba mwaka huo EPRA ilitangaza dizeli Nairobi kuwa Sh200.99 kwa lita. Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ikatoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Bei imekuwa ikipanda na kushuka tangu hapo, lakini tozo zikishaingia hazitoki. Kwa lita 280 za safari moja, nyongeza ile ya Sh7 peke yake ni Sh1,960. Mwenye lori hailipi kutoka mfukoni mwake. Huikata kwa mkulima wa Mitunguu anapopimiwa mkungu kwa macho badala ya mizani, na huiongeza kwa mama wa Kisauni anaponunua chane. Kila ongezeko la Nairobi huishia kwa hawa wawili.

Lori kuukuu lina deni lake pia, ila halina karatasi. Deni lake limo ndani ya injini. Malori yaliyotumika yanayouzwa Kenya mengi yamekwisha menyeka humu humu nchini, maana kanuni za KEBS haziruhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na serikali imekuwa ikiyabana zaidi malori na mabasi ya mtumba ili viwanda vya kuunganisha magari vipate soko. Hilo la viwanda linatuhusu, kwani kiwanda cha AVA kiko hapa hapa Miritini na vijana wetu wanakula kwacho. Lakini mchuuzi mdogo asiyeweza kununua lori jipya hubaki na lile lililozunguka Busia, Garissa na machimbo ya mawe kabla ya kumfikia yeye.

Kwa hivyo mwenye kununua lori la namna hiyo, na awe na kanuni zake. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, maana injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha mengi. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Ikivuta pumzi kwa nguvu na kutoa moshi, pistoni zimechoka. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua. Ingia chini ya gari uangalie fremu kama imechomelewa. Tazama ngoma za breki, springi na tarehe za matairi. Hakikisha umiliki kwa NTSA na uangalie kama benki imeandikwa pamoja na muuzaji, kwani wapo wanaouza gari lenye mkopo. Kisha, la muhimu kuliko yote, usimalize pesa zako kwenye bei. Mwenye Sh2.4 milioni na atafute lori la Sh1.8 milioni, ile laki sita iliyobaki iwe ya matengenezo. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hakuna mahali pa kulihakiki neno hilo kama kando ya barabara, mikungu ikiiva juu ya lori lililokufa injini.

Liko jambo jingine, na hili linazidi pesa. Julai 24, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia kwenye mto Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Miongoni mwa waliokuwa wakiwasubiri ni watu wa mji huu. Daraja lile ni la mteremko mkali wenye kona, na ajali za hapo hazikuanza siku ile. Lori la ndizi linalotoka Mitunguu kupitia Nkubu hupita hapo hapo, na mzigo wa ndizi hupandishwa juu mpaka hulionei mwisho. Kuna barabara ya chini inayopita Chiakariga na Ishiara hadi kutokea karibu na Embu, ambayo huliepuka daraja hilo. Dereva wa lori zito afadhali aizoee. Lakini barabara haiponyi breki mbovu. Anayenunua lori kwa bei ya chini kwa sababu breki zake zina kasoro, akapanga kuzitengeneza baadaye baada ya safari mbili tatu za kutafuta pesa, anacheza kamari kwa roho za wenziwe.

Sheria nayo iwekwe kwenye hesabu. Lori hupimwa kwenye mizani, Athi River na Mariakani, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari haina huruma na anayezidisha. Dereva wake ahitaji leseni ya malori, si ile ya gari dogo. Gari la biashara hukaguliwa kila mwaka. Anayesema lori la tani 6 litamletea tani 9 kwa safari, faida yake yote iko kwenye faini ambayo bado hajaandikiwa, au kwenye hongo ambayo hataki kuitaja.

Msimamo wangu ni huu. Mwenye kazi ya shambani hadi sokoni, barabara za udongo mwekundu zinazoteleza wakati wa mvua, safari fupi nyingi kwa siku, na achukue pikapu, tena mkopo wake usizidi anachoingiza mwezi mbaya. Mwenye mzigo wa uhakika wa kuja Pwani, mzigo wa kurudia na akiba ya gereji, na achukue lori lililokaguliwa vizuri. Asiye na hayo mawili, na hawa ndio wengi, asinunue gari mwaka huu. Wachuuzi wanne wa Kongowea wanaonunua Mitunguu kila mmoja kivyake, kila mmoja na tani moja na nusu, wakikodi lori moja pamoja wanalijaza tani 6 bila kudaiwa na benki yoyote. Baada ya mwaka watajua kwa daftari, si kwa kukisia, kama mzigo wao unatosha kulisha lori la kwao wenyewe.

Na serikali zetu mbili za kaunti, ya Meru na ya Mombasa, hazihitaji kumnunulia mtu gari. Mizani ya haki Mitunguu, mkulima auze kwa kilo, na sehemu safi ya kushushia mizigo Kongowea ambapo lori halisimami siku nzima likingoja zamu, vingepunguza bei ya chane kuliko hotuba nyingi. Siku moja ya lori kusimama ni siku ambayo ndizi inaiva na deni linakua. Viongozi wanaotuomba kura hupita Kongowea kila msimu wa kampeni. Waulizwe hili la sehemu ya kushushia, na waulizwe kwa tarehe.