Kamari ya Mwenye Jina

Kila ifikapo mwisho wa Julai, shabiki wa besiboli Marekani huangalia simu kuliko mechi. Dirisha la kubadilishana wachezaji linakaribia kufungwa, na kila klabu yenye ndoto ya ubingwa inasaka mtu wa kuivusha. Ndipo inapoanza ile kauli ambayo wachambuzi wameirudia mpaka haihojiwi tena: chipukizi ni bahati nasibu, mchezaji mwenye jina ni uhakika. Toeni watoto, leteni nyota. Shabiki akisitasita anaambiwa hajui mpira.

Mimi nasema kauli hiyo ni ya uongo, na imezigharimu klabu nyingi kuliko ilizozifaidisha.

Aliyezoea usajili wa Simba na Yanga aelewe jambo moja kwanza. Katika besiboli ya Marekani, klabu ikimtaka nyota aliye na mkataba kwingine haiendi na dau la fedha; inalipa kwa watu. Unamtaka mrushaji wa wenzako? Toa kijana wako wa miaka 19 aliyeko ligi ndogo, na pengine wenzake watatu. Kijana huyo anaonekana rahisi kwa sababu bado hajulikani. Lakini akipanda ligi kuu na kudumu huko, klabu inakuwa na haki naye kwa misimu sita kabla hajawa huru kwenda anakotaka, na misimu ya mwanzo inamlipa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Nyota Juan Soto, kwa msimu wa 2023 pekee, alilipwa dola milioni 23. Kwa hiyo anayetoa chipukizi anatoa miaka, na mara nyingi anachopokea ni miezi.

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Agosti 1987. Detroit Tigers walikuwa wakiwania kuongoza kundi lao, wakamchukua Doyle Alexander, mrushaji wa miaka 36, kutoka Atlanta Braves. Wao wakamtoa John Smoltz, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akihangaika ligi ndogo. Alexander alianza mechi 11, akashinda 9, hakupoteza hata moja, na Detroit wakaongoza kundi. Nusu fainali wakakutana na Minnesota Twins. Alexander akaanza mechi mbili, akapoteza zote mbili, Detroit wakatolewa 4-1. Baada ya msimu wa 1989, aliopoteza mechi 18, akastaafu. Smoltz alimaliza kazi yake na ushindi wa mechi 213, tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, ya 1996, ubingwa wa 1995, na mwaka 2015 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Cooperstown. Yote hayo bila jezi ya Detroit, naye ni mzaliwa wa Michigan aliyekua akiishabikia klabu hiyo hiyo.

Watu hukisimulia kisa hiki kama cha mzee aliyechuja. Sicho. Alexander alifanya alichoitiwa, tena akapitiliza, na bado haikutosha. Ndivyo ilivyokuwa kwa Boston Red Sox mwaka 1990 walipomchukua Larry Andersen, mwenye miaka 37, kutoka Houston. Andersen alirusha awamu 22 tu, na alizirusha vizuri. Boston wakatolewa na Oakland 4-0, naye msimu ulipokwisha akahamia San Diego. Waliyemtoa ni Jeff Bagwell. Kijana huyu msimu ule alikuwa mchezaji bora wa ligi yake ndogo, ila alikuwa amevusha mpira uzio mara nne tu, na ikaonekana hana nguvu. Akiwa Houston aliuvusha mara 449.

Tatizo basi haliishii kwenye swali la kama nyota atacheza vizuri. Klabu 30 zinaanza msimu, bingwa ni mmoja, na hatua ya mtoano ya besiboli ina visirani vyake: mpira mmoja ukidunda vibaya, mwaka mzima umekwenda. Ukinunua miezi mitatu, umenunua nafasi moja ya kurusha shilingi.

Na hapo nimemchukulia nyota anayecheza. Wapo wasiocheza pia. Mwaka 2018 Pittsburgh Pirates walimchukua Chris Archer kutoka Tampa Bay, mrushaji mwenye jina hasa, wakatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz. Archer aliishindia Pittsburgh mechi 6 katika misimu miwili. Mwaka 2016 Chicago White Sox walimchukua mrushaji James Shields kutoka San Diego, na katika malipo wakamweka kijana wa miaka 17 ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya kulipwa. Jina lake Fernando Tatis Jr. Mwaka 2021 San Diego walimpa mkataba wa miaka 14 wa dola milioni 340. Hakika ya Shields ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye takwimu za misimu iliyopita, na misimu iliyopita haichezwi tena. Mwenye jina anauzwa kwa aliyoyafanya, na unamnunua siku ambayo bei yake iko juu kuliko siku zote.

Sasa watetezi hutoa turufu yao: Chicago Cubs ya 2016. Klabu iliyokaa miaka 108 bila ubingwa ilimtoa Gleyber Torres, kijana wa miaka 19, pamoja na wenzake watatu, ikampata Aroldis Chapman, mrushaji wa mipira ya kasi ya kutisha. Miezi mitatu baadaye wakawa mabingwa. Mjadala umefungwa, wanasema.

Tuufungue. Nakubali kwamba bila Chapman huenda Chicago wasingefika mchezo wa saba wa fainali; mchezo wa tano aliubeba yeye mwishoni. Lakini mchezo wa saba wenyewe aliingia awamu ya nane Chicago wakiongoza 6-3, na katika muda mfupi matokeo yakawa 6-6, baada ya Rajai Davis wa Cleveland kumpiga pigo la kuvusha uzio. Aliyewaokoa katika awamu ya kumi ni Ben Zobrist, aliyesajiliwa kwa fedha bila kutolewa kijana yeyote. Na kabla ya hapo, mchezo wa sita, aliyevunja mgongo wa Cleveland kwa pigo la pointi nne kwa mkupuo ni Addison Russell, mwenye miaka 22.

Russell alitoka wapi? Alitoka Oakland. Julai 2014 Oakland waliamini mwaka wao umefika. Wakamtoa Russell, chipukizi wao namba moja, kumpata Jeff Samardzija kutoka kwa hao hao Cubs. Halafu siku ya mwisho ya dirisha wakamtoa mpigaji wao Yoenis Céspedes kumpata Jon Lester wa Boston, ambaye mkataba wake ulikuwa ukiisha msimu huo huo. Wakaishia kwenye mechi moja ya kufa na kupona dhidi ya Kansas City. Lester ndiye aliyeanza kurusha. Oakland wakiongoza 7-3 kuingia awamu ya nane, wakafungwa 9-8 katika awamu ya 12. Desemba Lester akasaini kwingine. Unajua wapi? Chicago Cubs.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na sijui klabu iliyoufasiri msemo huo kwa gharama kubwa kama Oakland ya 2014. Timu ambayo watetezi wanaishika kama ushahidi wao mkuu ilijengwa, kwa sehemu, na kijana aliyetupwa na klabu nyingine katika biashara ya aina hiyo hiyo. Wengine, Kris Bryant, Javier Báez na Kyle Schwarber, Cubs waliwalea wenyewe na wakakataa kuwatoa. Ubingwa ulipokwisha Chapman akarudi New York Yankees, klabu iliyomuuza, kwa mkataba wa dola milioni 86. Yankees wakabaki na Chapman na Torres wote wawili.

Sisemi nyota asichukuliwe kamwe. Detroit, baada ya somo la Smoltz, walitoa vijana sita mwishoni mwa 2007 na katika waliowapata alikuwamo Miguel Cabrera, aliyewachezea misimu 16. Cabrera alikuwa na miaka 24 siku hiyo: jina analo, ujana anao. Houston walimchukua Justin Verlander mwaka 2017 akiwa na miaka 34, wakabeba ubingwa mwaka huo huo. Lakini mkataba wake ulikuwa na miaka miwili mbele. Ninachokipinga ni ile pupa ya kulipa miaka sita kununua vuli moja, kisha kuiita uhakika.

Pupa hiyo ina mwenyewe. Mkuu wa usajili ambaye kibarua chake kiko mashakani hana sababu ya kumfikiria kijana atakayeiva baada ya misimu minne. Wakati huo huenda ofisi ina mtu mwingine. Kwake biashara ni nzuri: ama anashinda sasa, ama anaondoka na deni linabaki. Analilipa shabiki, ambaye hafukuzwi kazi wala hahamishwi, na ambaye atakaa jukwaani miaka kumi akimtazama kijana wake wa zamani akija mjini na jezi ya wageni. Ajabu ni kwamba huyo huyo shabiki ndiye anayepiga kelele zaidi vijana watolewe.

Chukua San Diego Padres na Juan Soto. Agosti 2022, ili kumpata, walitoa CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood na wengine kwa Washington Nationals. Mwaka huo wakafika nusu fainali, wakatolewa na Philadelphia 4-1. Uliofuata walishinda mechi 82, wakafungwa 80, mtoano hawakuuona. Desemba 2023 Soto akauzwa Yankees. San Diego wakapata warushaji, akiwamo Michael King, na hao wamewafaa. Washington, nikiri, bado ilikuwa timu ya kufungwa ovyo hata mwaka 2025. Ila kwenye mechi ya nyota ya mwaka huo ilipeleka wachezaji wawili, Gore na Wood, na Abrams alikwishaitwa mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo ewe shabiki, Julai ikifika na klabu yako ikatajwa kumtaka mwenye jina, usiulize ana medali ngapi. Uliza ana umri gani na mkataba wake unaisha lini. Wakikujibu kwamba ana miaka 36 na msimu ukiisha yuko huru, wazomee.